Alhamisi ni chanjo ya miezi tisa, mtoto ana mafua na nimeuziwa antibiotiki. Niende?

MamaNeema_Umoja (Jumanne, saa tatu usiku)

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua, maana hapa kwetu kila mtu ana lake.

Neema anafikisha miezi tisa wiki hii, na kijitabu cha kliniki kimeandikwa Alhamisi, chanjo ya ukambi. Shida ni kwamba tangu Jumamosi ana mafua. Kamasi zilianza nyepesi kama maji, sasa ni nzito na zina ukijani. Usiku anakohoa. Jana joto lilipanda kidogo, nyuzi 37.9, lakini ananyonya vizuri, anatambaa nyumba nzima, na uji anamaliza nusu bakuli. Leo nikitoka kazini nilipitia kemisti iliyo karibu na steji nikaeleza nikiwa nimesimama dirishani. Kijana hakuuliza hata mtoto ana kilo ngapi. Akanipa chupa ya amoksilini, ile ya unga unaochanganywa na maji, akasema itaua mafua na itamwongezea kinga. Bado sijaichanganya.

Mama mkwe anasema nimpe sasa hivi isije ikashuka kifuani, na kliniki nisiende kwa sababu chanjo na dawa zitapigana mwilini. Jirani wa ghorofa ya juu anasema mtoto anayenyonya anapata kinga kwa mama yake, chanjo ya nini tena. Na mimi nikikumbuka alivyochemka usiku kucha baada ya ile ya wiki 14, naingiwa na woga. Sitaki mtoto mgonjwa achomwe sindano, na sitaki tarehe ipite. Nyinyi mngefanyaje?

BabaWawili_Komarock

Nenda. Wetu wa pili alichanjwa kamasi zikimtiririka, na nesi akamwangalia kwanza kabla ya kumchoma. Fika asubuhi mapema tu. Ile ya ukambi kuna vituo ambavyo husubiri watoto wafike kadhaa ndipo wafungue chupa, ukienda saa nane unaambiwa rudi kesho.

SistaWaChanjo

Mama Neema, pole kwa kukesha na mtoto. Na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaichanganya hiyo dawa. Mimi ni nesi, kazi yangu ya kila siku ni chumba cha chanjo katika kituo kimoja huku Eastlands, na haya unayouliza nayasikia kwenye benchi kila asubuhi. Nitaandika kirefu kwa sababu naona wengi wanasoma bila kuuliza.

Kwanza jibu lenyewe: Alhamisi mpeleke. Mafua, kikohozi kidogo na joto la 37.9 kwa mtoto anayenyonya na kucheza havimzuii kuchanjwa. Hata angekuwa ameshaanza amoksilini angechanjwa tu, kwa sababu dawa ile haigusi chanjo ya ukambi. Chanjo hiyo ni virusi vya ukambi vilivyodhoofishwa, na amoksilini haina uwezo wowote juu ya virusi. Haviwezi kupigana, kwa hiyo mama mkwe asiwe na wasiwasi. Mtoto tunayemrudisha ni yule mgonjwa kweli: amelegea, ana joto kali, anapumua kwa shida. Huyo anahitaji matibabu siku hiyo hiyo, chanjo itafuata.

Nikusaidie kupima kupumua kwake, maana hapo ndipo mafua yanapotengana na nimonia, na huhitaji chombo chochote. Subiri alale au atulie kifuani kwako. Mfunue nguo hadi uone tumbo na kifua. Weka simu kwenye saa ya sekunde, hesabu kila kifua kinapopanda, kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto wa umri huo hupumua bila mpangilio. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Angalia pia chini ya mbavu: ngozi ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni hatari. Ukiona hivyo, au akikataa titi, akitapika kila kitu, akipata degedege, au ukishindwa kumwamsha, usingoje Alhamisi wala usiniulize mimi hapa. Beba mtoto uende hospitali, hata kama ni usiku.

Ukijani wa kamasi huwatisha akina mama wengi. Rangi ile inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupigana na virusi zikafia puani. Ni dalili kwamba mwili uko kazini. Haikuambii kwamba mtoto ana bakteria, na mafua ya kawaida huanza yakiwa meupe yakaishia ya kijani bila dawa.

Sasa jirani yako. Hajakosea kabisa. Neema alizaliwa na kingamwili zako, yaani protini za damu zinazopigana na vijidudu, zilizovuka kwenye kondo la nyuma miezi ya mwisho ya mimba, na maziwa yako yanaongeza nyingine zinazolinda koo na matumbo. Ndiyo maana mtoto anayenyonya haharishi ovyo. Lakini zile za kwenye damu ni za kuazimwa. Mwili wake haukuzitengeneza, na zinaisha kidogo kidogo. Hapo ndipo tarehe ya miezi tisa inapotoka. Tukimchanja ukambi akiwa mdogo sana, kingamwili zako zinavimaliza vile virusi dhaifu kabla mwili wake haujavifahamu, na chanjo inapotea bure. Tukichelewa, anabaki bila zako na bila zake. Miezi tisa ni pale tunapoona za mama zimepungua vya kutosha na hatari mtaani bado ni kubwa. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaopata dozi hii ya kwanza, wanaopata kinga ni kama 85, na ndiyo sababu kuna ya pili ya miezi 18. Hiyo ya miezi 18 wazazi wanaisahau mno. Mtoto anatembea, mama amerudi kazini, kijitabu kimefungiwa kabatini. Naumia kila nikifungua kijitabu cha mtoto wa miaka mitatu nikakuta mstari ule uko wazi.

Na kinachofanyika ndani ya mwili ni hiki. Mwili ukikutana na kijidudu kwa mara ya kwanza, huchukua wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili zinazokitosha, na katika wiki hizo ukambi umeshafanya uharibifu wake. Baada ya vita zinabaki chembe za kumbukumbu. Kijidudu kile kikirudi zinakitambua mara moja, kama makanga anavyomkumbuka abiria aliyeshuka bila kulipa, na safari hii kingamwili zinamwagika ndani ya siku chache, mtoto hata hajaugua. Chanjo inaupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha kwenye ugonjwa. Joto alilopata Neema baada ya ile ya wiki 14 lilikuwa mwili ukijifunza. Siku hiyo alipata matone na sindano zaidi ya moja, na sindano ya paja la kushoto peke yake ina kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kimoja kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Kuhusu alichosema BabaWawili: ni kweli, chupa ya ukambi na rubela (ugonjwa mwingine wa vipele, chanjo zake huja pamoja) huwa na dozi 10. Ni unga mkavu, tunauyeyusha kwa maji yake maalumu, na ikishayeyushwa lazima itupwe baada ya saa 6 hata ikiwa imebaki dozi tisa. Lakini mtoto akifika peke yake tunapaswa kuifungua, kwa sababu chanjo inayomwagwa ni nafuu kuliko mtoto anayerudi nyumbani bila kinga. Ukiambiwa rudi, uliza kwa upole: siku gani hasa, na niandikie hapa kwenye kijitabu. Ukitaka, mwombe nesi akuonyeshe chupa kabla hajaifungua. Ina alama ya duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaathiriwa na joto. Mraba ukifikia rangi ya duara, haifai. Mimi hupenda mzazi akiuliza.

MzeeWaKayole

Nimesoma yote. Lakini sista, sisi tulikulia shamba, sindano tuliziona shuleni siku moja moja, na tuko hai na nguvu zetu. Ukambi tuliugua wote, tukafungiwa ndani, tukapona, na hatukuupata tena. Siku hizi mtoto ana sindano kwa kila mwezi. Hauoni mwili unafanywa mvivu?

SistaWaChanjo

Mzee wangu, kwa heshima. Kweli mliopona ukambi hamkuupata tena, kumbukumbu ya mwili ni ile ile niliyoieleza. Tofauti ni gharama yake. Wale walioupata wakafa au wakapofuka hawapo kwenye mazungumzo haya, na nadhani ukikaa na wenzako mkahesabu mliocheza nao utotoni, kuna majina yatatajwa kwa sauti ya chini. Halafu ukambi una ubaya mwingine ambao zamani haukujulikana. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba unafuta sehemu ya kingamwili ambazo mtoto alishajipatia dhidi ya magonjwa mengine, kwa baadhi yao zaidi ya nusu. Mtoto anapona ukambi, anabaki wazi kwa nimonia na kuhara alizokwisha kuzishinda. Huo ndio mwili uliopokonywa nguvu. Chanjo haifuti kitu, inaufanyisha mwili kazi yake wenyewe.

Na utakumbuka ndui. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu hapa, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin aliishia kuzunguka vijijini akiwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, akiwaambia yaliyompata. Alifariki 2013, kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo. Wajukuu wako hawachanjwi ndui, mzee, kwa sababu haipo. Kwa ukambi bado hatujafika huko. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na ili mtaa ulindwe wanatakiwa wawe wamekingwa watu 95 kati ya 100. Fikiria matatu ya kwenda Kayole saa kumi na mbili jioni, madirisha yamefungwa kwa mvua, na mtoto wa miezi minne amebebwa mgongoni. Huyo hawezi kuchanjwa bado. Anawategemea wengine wote waliomo ndani ya gari.

Kaunta_Pipeline

Niingilie kwa upande wa dawa, maana mimi ndiye niko upande wa pili wa dirisha. Nina diploma ya famasia na nauza dawa Pipeline. Mama Neema, aliyekuuzia bila kujua uzito wa mtoto hakukutendea haki, na kukwambia itaongeza kinga si kweli kabisa.

Amoksilini inafanya kazi moja. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, na anapotaka kugawanyika lazima aujenge upya. Dawa inavuruga ujenzi huo, bakteria anapasuka. Chembe zetu hazina ukuta wa namna ile, ndiyo maana inamuua yeye na kutuacha sisi. Kirusi cha mafua hakina ukuta, kinajificha ndani ya chembe za mtoto wako. Dawa haina pa kushika. Wanaokufa ni bakteria wema wa tumboni, na ndiyo sababu watoto wengi wakipewa dawa hizi wanaanza kuhara au kupata utando mweupe mdomoni. Wala haizuii mafua yasishuke kifuani. Ikija kuwa nimonia ya bakteria, hapo amoksilini ni dawa nzuri sana, inaokoa watoto kila siku, kwa kipimo cha uzito na siku zilizoandikwa na aliyempima. Naitetea dawa hii. Ndiyo maana sitaki iharibiwe.

Inaharibiwaje? Njoo usimame na mimi saa mbili usiku. Mtu anatoa shilingi mia, anasema nipe zile nyekundu na nyeusi, nne tu, nina koo. Mwingine anataka za kuharisha, mbili leo, mbili kesho akipata pesa. Sina hasira nao, najua kibarua cha mjengo kinalipa nini na foleni ya hospitali ilivyo. Lakini tembe nne zinaua bakteria walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wenye ujanja. Kuna wanaotengeneza kimeng'enya, protini inayofanya kazi kama mkasi, kinachokata dawa kabla haijawafikia. Hao wanazaana, na kibaya zaidi wanaweza kumpa bakteria wa aina nyingine maelekezo ya ujanja huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alionya jambo hili hili alipopokea Tuzo ya Nobel 1945: kwamba atakuja mtu atakayejinunulia dawa dukani, anywe kidogo mno, na kuwafunza vijidudu kuistahimili. Mtu huyo ninamuuzia, au ninamkatalia, kila usiku.

Hapa Nairobi tumeshaonja. Taifodi iliyokuwa ikitibiwa kwa ampisilini, kloramfenikoli na septrini, kwa miaka mingi sasa aina zake nyingi mjini hazisikii dawa hizo tatu. Tukapanda kwenye dawa ghali zaidi, na hizo nazo zimeanza kuchoka. Hakuna ghala la dawa mpya linalotungoja.

Ndiyo maana namuunga mkono sista, na ningependa watu waone jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Mtoto ambaye hakuugua hakuhitaji antibiotiki. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, 2011, ile ya paja la kulia aliyopata Neema. Watafiti walioufuatilia ugonjwa huko Kilifi walikuta kwamba, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, maambukizi makali ya aina za kijidudu zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kila mtoto aliyeepuka ugonjwa huo angekuwa amechomwa dawa nzito wodini. Na 2025 ikaletwa chanjo ya taifodi kwa watoto kuanzia miezi 9, kwa hiyo Alhamisi usishangae ukiambiwa ni sindano mbili. Kwa mtu anayeishi mtaa wa maji ya mtungi na mfereji uliopasuka, hiyo ya taifodi ningeipigia foleni tangu alfajiri.

Hiyo chupa usiichanganye. Nenda nayo kliniki, mtoto apimwe, waamue wao. Kwa leo msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, parasetamoli akiwa na joto linalomsumbua.

MamaNeema_Umoja (Alhamisi jioni)

Nimerudi kuwapa habari. Nilimhesabia pumzi jana usiku amelala, zikawa 38. Leo nimefika kliniki saa mbili, tulikuwa akina mama sita kwenye benchi. Amepimwa, kilo 8.4, nesi akasikiliza kifua, akasema ni mafua tu na dawa haihitajiki. Sindano mbili kweli, moja kila upande. Alilia, nikamnyonyesha, akanyamaza. Niliomba kuona ile alama ya duara, na nesi alifurahi, akawaonyesha akina mama wote. Mraba ulikuwa mweupe.

Mama mkwe nimemsomea majibu yenu yote. Ameuliza swali moja: joto litakuja usiku huu kama la safari ile? Na mimi nauliza la chupa, maana kemisti wamekataa kuirudisha, na binti ya jirani ana kikohozi, mama yake ameniomba.

SistaWaChanjo

Hongera, Mama Neema. Mwambie mama mkwe kwamba ya ukambi haifanani na ile ya wiki 14. Virusi dhaifu vinahitaji muda, kwa hiyo joto likija huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwingine na vipele vidogo vya siku mbili tatu. Vipele hivyo haviambukizi. Ile ya taifodi inaweza kuleta joto kidogo leo au kesho. Parasetamoli kwa kipimo cha kilo 8.4, asivalishwe masweta matatu, anyonye. Pale alipochomwa msimkande wala msipake kitu. Joto likizidi siku mbili au kali sana, mrudishe tumwangalie. Na andika miezi 18 kwenye kalenda ya simu leo, kabla hujalala.

Kaunta_Pipeline

Chupa usimpe jirani. Binti yake hajapimwa, uzito wake si wa Neema, na kikohozi chake huenda ni cha virusi vile vile. Mfundishe kuhesabu pumzi kama ulivyofunzwa, na umwambie kwamba mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 kwa dakika ndizo za kumfanya aondoke nyumbani. Usiimwage kwenye sinki wala kwenye mtaro, inawafikia bakteria wa huko. Siku ukipita hospitali yoyote yenye famasia waachie, wana utaratibu wa kuziteketeza. Nami ukipita Pipeline niletee, nitaipeleka na zangu zilizopita tarehe.